Joto Kupita Kiasi katika Seti za Televisheni za Nyumbani Nyanda za Juu Kusini: Mfano wa Iyunga, Mbeya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo la joto kupita kiasi katika seti za televisheni za nyumbani kwa kuiangalia kata ya Iyunga, jijini Mbeya. Kwa kawaida tatizo hili huhusishwa na pwani yenye joto na unyevu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba joto linaloharibu seti halitoki kwenye hali ya hewa pekee. Sehemu yake kubwa huzalishwa ndani ya seti na kubakizwa humo na mazingira ya sebuleni. Kwa hesabu za mfano, inaoneshwa kuwa ubaridi wa Iyunga huipa seti nafuu ya nyuzi chache tu, kwamba wepesi wa hewa ya mwinuko huipunguza nafuu hiyo, na kwamba shokesi lililofungwa huweza kuifuta kabisa. Aidha, inaelezwa kwa nini madhara ya joto katika eneo hili huweza kujitokeza asubuhi ya baridi, jambo linaloweza kumpotosha fundi.

1. Utangulizi

Televisheni ilianza kurushwa Zanzibar mwaka 1973, ikiwa ya rangi tangu mwanzo. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Hivyo, mazingira ya kwanza ya seti za televisheni nchini yalikuwa ya pwani: joto, unyevu na hewa ya chumvi. Si ajabu basi kwamba seti inapokufa mapema, maelezo ya kwanza yanayotolewa huwa ni "joto la huku kwetu".

Maelezo hayo hupata kikwazo yanapofikishwa Iyunga. Kata hii ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na reli ya TAZARA. Mwezi Juni na Julai joto la usiku jijini Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na hata mchana wa miezi ya joto haufikii ukali wa Dar es Salaam. Kama hewa ya nje ndiyo adui mkuu, seti ya Iyunga ingepaswa kuishi muda mrefu zaidi kuliko ya pwani. Swali linaloongoza makala haya ni kwa nini isiwe hivyo nyakati zote.

Swali hili lina uzito wa kiuchumi na kiusalama. Kwa kaya nyingi televisheni ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa vilivyomo ndani ya nyumba. Fundi akikosea kutambua chanzo, mwenye seti hulipia kipuri kilekile mara mbili au tatu. Joto lisipodhibitiwa huweza pia kuunguza plastiki na kitambaa, na moto wa sebuleni hausubiri familia iamke.

Ikumbukwe kuwa makala haya ni uchanganuzi wa kinadharia. Tarakimu za joto zinazotumika katika mifano ni makadirio yaliyochaguliwa ili kuonesha uwiano wa visababishi. Hazikusanywi kutoka nyumba fulani. Vipimo vyote vya joto ni vya Selsiasi.

2. Asili ya joto ndani ya seti

Umeme unaoingia katika seti haupotei. Sehemu ndogo hutoka kama mwanga wa skrini na sauti ya spika. Iliyobaki, yaani karibu yote, huwa joto. Seti inayotumia wati 60 kwa hiyo hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungiwa ndani ya sanduku. Anayejua namna balbu hiyo ilivyokuwa ikiunguza vidole atafahamu uzito wa jambo hili.

Joto hilo halienei sawasawa. Katika seti za zamani zenye kioo kinene na mgongo mrefu, hujikusanya katika sehemu tatu hasa: kwenye saketi ya kupokea umeme, kwenye transista na transfoma zinazozalisha volti kubwa ya kioo, na kwenye saketi inayotandaza picha kutoka juu hadi chini. Katika seti bapa za kisasa, vyanzo vikuu ni taa ndogo za LED zilizo nyuma ya skrini, bodi ya umeme na chipu ya kuchakata picha. Seti bapa hutumia umeme mdogo zaidi kwa ukubwa uleule wa skrini, lakini mwili wake mwembamba una nafasi ndogo ya hewa. Kupungua kwa joto linalozalishwa kwa hiyo hakumaanishi kwamba tatizo limekwisha.

Watengenezaji walilitambua suala la hali ya hewa mapema. Kiwango cha kimataifa IEC 60065, ambacho nafasi yake sasa imechukuliwa na IEC 62368-1, kilitofautisha vifaa vya nchi za hali ya wastani na vile vya nchi za tropiki. Kwa vya kwanza, hewa ya chumba ilichukuliwa kufikia nyuzi 35. Kwa vya pili, nyuzi 45. Kwa sababu hiyo kifaa cha tropiki kiliruhusiwa kupandisha joto lake kwa nyuzi 10 pungufu. Kanuni hiyo, hata hivyo, huihesabu hewa inayoizunguka seti. Haiwezi kujua kama seti imewekwa mezani au imefungiwa kabatini.

3. Namna joto linavyotoka

Joto huondoka ndani ya seti kwa njia tatu. Kwanza, hupita kwa kugusana: kutoka kwenye transista hadi kwenye bamba la alumini la kupozea. Pili, huchukuliwa na hewa: hewa iliyopata moto huwa nyepesi, hupanda na kutokea kwenye matundu ya juu, na hewa baridi huingia kupitia matundu ya chini. Tatu, hutoka kwa mnururisho kutoka kwenye nyuso zenye moto kwenda kwenye kuta na vitu vinavyozizunguka.

Seti nyingi za nyumbani hazina feni, hivyo hutegemea mno njia ya pili. Kwa lugha nyepesi, seti hupumua. Matundu ya chini ni pua yake ya kuvutia na ya juu ni ya kutolea. Kuziba upande mmoja ni sawa na kuziba pande zote, kwa maana hewa isiyoweza kutoka huzuia nyingine isiingie.

4. Iyunga na Dar es Salaam: ulinganisho

Tuchukue seti ya wati 60 iliyowekwa mahali pa wazi Dar es Salaam, ambayo kapasita zake za umeme hupata joto linalozidi la chumba kwa nyuzi 40. Chumba kikiwa na nyuzi 31, kapasita hizo zitakuwa katika nyuzi 71.

Seti hiyohiyo ihamishiwe Iyunga, katika chumba chenye nyuzi 22. Hesabu ya haraka ingetoa 22 na 40, yaani nyuzi 62. Lakini hewa imebadilika. Kanieneo la hewa katika usawa wa bahari ni takriban hektopaskali 1,013. Katika mita 1,700 ni takriban 825, yaani asilimia 81 hivi. Hewa iliyopungua uzito hubeba joto kidogo zaidi katika kila lita inayopanda. Kwa mzunguko wa hewa usio na feni, kanuni za uhamaji wa joto zinaonesha kuwa tofauti ya joto kati ya seti na chumba huongezeka kwa takriban asilimia 9 uzito wa hewa unapopungua kiasi hicho. Nyuzi 40 huwa takriban 43, na kapasita hufikia nyuzi 65. Hili ni kadirio la juu, kwa kuwa joto linalotoka kwa mnururisho haliathiriwi na mwinuko.

Matokeo yake ni haya: chumba cha Iyunga kimekuwa baridi zaidi kwa nyuzi 9, lakini kapasita zimepoa kwa nyuzi 6 tu. Theluthi ya nafuu imechukuliwa na mwinuko. Nafuu iliyobaki ni ya kweli, ila ni ndogo kiasi kwamba kosa moja la sebuleni huimaliza.

Mwinuko una athari nyingine kwa seti za kioo kinene. Seti hizo huzalisha volti zaidi ya 20,000, na hewa nyepesi huzuia cheche kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya pwani. Vifaa vingi vya nyumbani hubuniwa kwa ajili ya mwinuko usiozidi mita 2,000. Iyunga imo ndani ya mpaka huo, ingawa si kwa nafasi kubwa. Nyanda za Kitulo, zilizo takriban mita 2,600, zimeuvuka. Vumbi likiongezwa juu ya hewa nyepesi, njia ya cheche hufupishwa zaidi.

5. Mazingira ya sebuleni

Sebule nyingi za mijini zina shokesi: kabati la mbao lenye vyumba vya vyombo, mapambo na televisheni. Chumba cha televisheni mara nyingi kina mgongo wa mbao uliozibwa, na pengine mlango wa kioo. Seti hujaa pande zote, na hewa ileile huzunguka humo ikizidi kupata moto. Tukisema shokesi linaipandisha hewa inayoizunguka seti kwa nyuzi 20, kapasita za Iyunga zitatoka nyuzi 65 hadi 85. Sasa seti ya Iyunga iliyofungiwa ina moto kuliko ya Dar es Salaam iliyo wazi, kwa nyuzi 14.

Juu ya seti hutandikwa kitambaa cha kudarizi au cha kufuma. Nia yake ni njema: huzuia vumbi na hupamba. Kwa seti za kioo kinene, kitambaa hicho hufunika hasa matundu ya kutolea hewa. Seti ikiwa imezimwa na kupoa, kitambaa hakina madhara. Ikiwa imewashwa, ni kama kumfunika mtu pua na mdomo.

Baada ya mitambo ya analojia kuzimwa, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuatiwa na miji mingine, king'amuzi kiliingia sebuleni. Nacho hutoa joto, na mara nyingi huwekwa juu ya seti, chini yake, au chumba kimoja nayo pamoja na deki na spika. Kila kifaa hupokea hewa iliyokwisha kupashwa moto na kifaa kilicho chini yake. Stabilaiza ikiongezwa ndani ya shokesi hilohilo, kifaa kilichonunuliwa kuilinda seti hugeuka kuwa jiko lake.

Kisababishi cha nne ni vumbi. Mbeya ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi kilichobaki ni kirefu, na malori ya barabara kuu pamoja na njia za udongo huinua vumbi jingi. Ndani ya seti, vumbi huvutwa na umeme tuli wa volti kubwa, kisha hukaa juu ya bodi na mabamba ya kupozea kama blanketi. Mvua zinapoanza, vumbi hilo hunyonya unyevu na kupitisha umeme pasipotakiwa.

Mwisho, ubaridi wenyewe hubadili tabia za kaya. Usiku wa Julai madirisha hufungwa, watu hukusanyika sebuleni, na seti huwashwa kwa saa nyingi zaidi. Joto la chumba wakati huo haliwakilishwi na kipimajoto kilichoko nje.

6. Mchango wa umeme

Umeme wa majumbani nchini umekusudiwa kuwa volti 230. Jioni, majiko, pasi na taa zinapowashwa kwa pamoja, nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu hupata pungufu. Wengi hudhani kuwa umeme mdogo huipumzisha seti. Kwa seti zenye saketi ya umeme inayojirekebisha, ambazo ndizo nyingi, hali ni kinyume. Saketi hiyo hujitahidi kutoa nguvu ileile, na hivyo volti zikipungua huvuta ampea zaidi.

Kwa wati 60 katika volti 230, seti huvuta takriban ampea 0.26. Volti zikishuka hadi 160, huvuta takriban 0.38. Kwa kuwa joto katika nyaya, koili na sehemu nyingine zenye ukinzani hulingana na kipeo cha pili cha mkondo, joto lake katika upande wa kuingilia umeme huwa karibu maradufu. Picha haibadiliki, kwa hiyo mtazamaji hana dalili yoyote ya kumwonya.

Umeme unapokatika na kurudi, hatari huwa mbili. Volti huweza kupanda ghafla wakati wa kurudi, na seti hulazimika kupoa na kupata moto upya. Athari ya hatari hii ya pili inaelezwa katika sehemu inayofuata.

7. Kapasita zinazokauka na lehemu inayochoka

Joto huua seti kwa njia mbili tofauti, na ni muhimu kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni kukauka kwa kapasita zenye majimaji ndani. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Tuchukue kapasita iliyoandikwa nyuzi 105 na saa 2,000. Katika nyuzi 65 umri wake unakadiriwa kuwa saa 32,000, yaani zaidi ya miaka 14 kwa saa 6 kila siku. Katika nyuzi 71 za Dar es Salaam ni takriban saa 21,100, au miaka 9 na nusu. Katika nyuzi 85 za shokesi la Iyunga ni saa 8,000: chini ya miaka 4. Kipuri ni kilekile, mji ni uleule, na tofauti ya zaidi ya miaka 10 imetokana na kabati.

Njia ya pili ni uchovu wa viungo vya lehemu. Shaba, lehemu na bodi hutanuka kwa viwango tofauti. Kila seti inapowashwa na kuzimwa, viungo huvutwa na kulegezwa, hadi ufa mwembamba wa mviringo utokeze kuzunguka mguu wa kipuri. Kinachohesabika hapa ni urefu wa safari kati ya baridi na moto. Dar es Salaam, seti inayoanza asubuhi katika nyuzi 27 na kufika 71 husafiri nyuzi 44. Iyunga, seti ya wazi inayoanza katika nyuzi 14 na kufika 65 husafiri nyuzi 51, ingawa kilele chake ni cha chini. Ndani ya shokesi husafiri kutoka 14 hadi 85, yaani nyuzi 71.

Kwa makadirio ya kawaida, idadi ya mizunguko ambayo kiungo huvumilia hupungua kwa kipeo cha pili cha tofauti hiyo. Seti ya wazi ya Iyunga huchosha lehemu yake kwa kasi ya takriban mara 1.3 ya ile ya Dar es Salaam, na ya shokesi mara 2.6. Kila umeme unapokatika kwa muda mrefu jioni, mzunguko mwingine huongezwa. Hapa ndipo nyanda za juu zinapoipoteza nafuu yake: baridi hupunguza kilele cha joto, lakini hurefusha safari.

8. Dalili na upotoshaji wake

Uchanganuzi huu una matokeo ya moja kwa moja katika meza ya fundi. Wakati ambao hitilafu hutokea ni ushahidi, na dalili tatu zinafaa kutofautishwa.

Dalili ya kwanza ni seti inayowaka vizuri, kisha kuzima au kuharibu picha baada ya saa moja hivi. Hii huashiria kipuri kinachozidiwa na moto sasa hivi, na kitu cha kwanza kukagua ni njia ya hewa.

Dalili ya pili ni seti inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi, au inayowaka kwa kusitasita na kutengemaa baada ya dakika kadhaa. Mwenye seti husema baridi imeiharibu. Kwa kweli, kapasita iliyokwisha kukauka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa baridi. Ikipata moto kidogo hupata nafuu ya muda. Baridi ya asubuhi haikuiua kapasita hiyo. Imefichua tu jeraha lililosababishwa na joto la jioni nyingi zilizopita. Fundi akiamini maelezo ya baridi, atabadilisha kapasita na kuirudisha seti ndani ya shokesi lilelile.

Dalili ya tatu ni seti inayorejea ikigongwa ubavuni, au picha inayosinyaa kuwa mstari mmoja mweupe wa mlalo na kufunguka tena. Hii huelekeza kwenye lehemu iliyopasuka, hasa katika saketi ya kutandaza picha. Kugonga huunganisha ufa kwa muda, lakini cheche ndogo ndani ya ufa huunguza bodi na huweza kuwa chanzo cha moto.

Katika seti bapa, taa za LED zilizozidiwa na moto hufifia au kuacha mabaka meusi, na hatimaye sauti husikika bila picha. Kubadilisha taa bila kupunguza mwanga wa skrini na bila kufungua njia ya hewa ni kuahirisha tatizo.

9. Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonesha kuwa joto la seti na joto la mji ni mambo mawili. Katika mfano uliotumika, tofauti ya hali ya hewa kati ya Dar es Salaam na Iyunga ilileta nafuu ya nyuzi 6; shokesi peke yake liliongeza 20. Aidha, hali ya nyanda za juu ina madhara yake mahususi, yaani hewa nyepesi, kiangazi cha vumbi na safari ndefu ya joto kila siku, ambayo maelezo yaliyozoeleka ya pwani hayayagusi.

Kwa kaya, inapendekezwa kuacha nafasi ya angalau upana wa kiganja nyuma, pembeni na juu ya seti. Kuondoa mgongo wa mbao wa shokesi au kuutoboa matundu makubwa chini na juu. Kuondoa kitambaa kabla ya kuwasha na kukirudisha baada ya seti kupoa. Na kuweka king'amuzi na stabilaiza mahali pa pembeni. Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Kusafisha vumbi la ndani kuachwe kwa fundi, kwa kuwa kioo kinene huweza kuhifadhi volti kubwa hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa mafundi, inapendekezwa kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua seti: hitilafu hutokea saa ngapi, seti imewekwa wapi, na umeme wa jioni una volti ngapi. Kapasita mbadala ziwe za nyuzi 105 badala ya 85, na viungo vya karibu na sehemu za moto vilehemiwe upya hata kama ufa haujaonekana.

Kwa watafiti, Mbeya ina fursa ya pekee. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi, kipo katika mazingira yanayojadiliwa hapa. Kipimajoto chenye kumbukumbu, kikiwekwa ndani ya seti kadhaa za wazi na za shokesi kwa mwaka mzima, pamoja na rekodi ya volti za jioni, kingeweza kuthibitisha au kusahihisha makadirio haya. Hadi hapo, jambo moja halihitaji kusubiri vipimo: seti iliyonyimwa hewa itapata moto popote ilipo, na katika hilo baridi ya Mbeya haiwezi kuisaidia vya kutosha.